Vishikwambi na midoli ya mazoezi wodi ya wazazi: mpango uanzie wapi?

Mkunga_ZamuTatu (swali)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua kazi ya kuingiza teknolojia ya mafunzo hospitalini.

Hospitali ni ya wilaya, Tanzania bara. Vizazi ni 250 hivi kwa mwezi. Wauguzi na wakunga wanaozunguka leba, wodi ya wazazi na chumba cha watoto wachanga ni 34, kwa zamu tatu. Mfadhili ameahidi midoli 3 ya kufanyia mazoezi ya kumsaidia mtoto kupumua, vishikwambi 6, na fedha kidogo ya mfumo wa kujifunzia. Mganga mfawidhi anataka andiko la mpango ndani ya wiki tatu.

Intaneti ipo jengo la utawala tu, nayo hukatika. Umeme unakatika mara kadhaa kwa wiki na jenereta huchukua dakika chache kuwaka. Afisa TEHAMA ni mmoja kwa halmashauri nzima. Chumba tunacho kwa namna mbili: ukumbi wa mikutano kule utawala, mzuri na una kiyoyozi, au stoo ya zamani ya mita 3 kwa 4, hatua ishirini kutoka leba.

Sijui nianze na lipi kwenye andiko: mfumo, mafunzo ya wafanyakazi, au chumba? Na je, kozi ya kwenye vishikwambi itangulie mdoli au vyote vianze pamoja?

---

Mkufunzi_Vitendo

Mkuu, anza na ratiba ya zamu. Vifaa vije baadaye kabisa. Tupige hesabu kwa namba ulizotoa.

Katika watoto 100 wanaozaliwa, 10 hivi huhitaji msaada fulani ili waanze kupumua, na wengi wao wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo hulia. Wanaohitaji ambu (mfuko wa kubana kwa mkono wenye barakoa, wa kumpa mtoto pumzi) ni 3 hadi 6. Kwa vizazi 250, ukichukua 5 kwa 100, ni watoto 12 au 13 kwa mwezi. Wagawe kwa watu 34: kila mmoja atashika ambu kwa mtoto halisi mara moja katika karibu miezi mitatu, na huenda ikawa saa tisa usiku akiwa peke yake leba. Mkono uliokaa miezi mitatu bila kufanya kazi hiyo husahau. Tatizo mnalotaka kulitatua ni hilo, na liwe aya ya kwanza ya andiko, kwa namba zenu kutoka rejista. Ukiandika "kuimarisha matumizi ya TEHAMA katika mafunzo", mwaka ukiisha hakuna atakayeweza kusema mmefaulu au mmeshindwa.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya Kuwasaidia Watoto Kupumua mwaka 2010. Walipopimwa kwa mdoli baadaye walikuwa wazuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti waliokaa leba wakiangalia watoto halisi hawakuona mabadiliko katika huduma. Kilicholeta tofauti ni pale mazoezi mafupi ya dakika chache yalipoanza kufanyika mara kwa mara ndani ya wodi yenyewe. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Mdoli ni uleule, maudhui ni yaleyale. Kilichobadilika ni ratiba na mahali.

Kwa hiyo swali la chumba limejijibu: chukua stoo. Ukumbi wenye kiyoyozi ukiwa mbali, mkunga hawezi kwenda na kurudi kati ya mama mmoja na mwingine, na mfawidhi wa zamu hatamruhusu. Mita 3 kwa 4 zinatosha meza ya kimo cha kiuno, kabati lenye kufuli na watu wanne. Weka na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Nyingine kama hiyo iwekwe juu ya meza ya kuhudumia mtoto leba. Leba nyingi hazina, halafu tunashangaa kwa nini "dakika ya dhahabu", yaani dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, haipimwi.

Muda nao una hesabu yake. Watu 34 ni jozi 17. Wiki ina zamu 21. Maana yake kila zamu ifanye zoezi la jozi moja tu, dakika 15, na zamu nne zinabaki kama akiba ya siku za msongamano. Kwa wiki nzima ni saa 4 na dakika 15 kwa wodi yote. Mpelekee mganga mfawidhi namba hiyo. Hatoi watu wodini, anatoa dakika 15 kwa zamu. Isifanyike wakati wa kupokezana, maana wanaotoka wamechoka na wanaoingia hawajawajua wagonjwa wao. Saa moja na nusu baada ya zamu kuanza huwa inafaa, mzunguko wa kwanza wa vipimo ukishakwisha.

Mafunzo ya mwanzo yana masharti yake: mwezeshaji mmoja kwa wanafunzi sita, mdoli mmoja kwa wawili. Midoli yako mitatu inabeba sita kwa siku, basi ni siku sita. Usiwatoe sita wote leba siku moja, changanya vitengo. Na aliyetoka zamu ya usiku asiitwe asubuhi hiyo.

Sasa zoezi lenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea wakadhani wamefanya. Mmoja ni mkunga, mwenzake anaendesha mdoli kwa balbu, ya pumzi na ya mapigo ya kitovu. Mdoli "anazaliwa", mkunga anamkausha. Halii. Anafungua njia ya hewa, anasugua mgongo mara mbili tatu. Bado kimya. Anakata kitovu, anamhamisha, anaweka kichwa kikielekea nyuma kidogo, barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, na pumzi ya kwanza inaingia kabla ya sekunde ya 60. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika; wahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu", wabane kwenye moja.

Tazama mkono wa kushoto wa mkunga. Anayejifunza hubonyeza barakoa kwenda chini kwa kiganja, kidevu kinaingia ndani, shingo inakunjika na hewa inatoka pembeni ya pua. Utasikia mfoko mdogo kama wa tairi la baiskeli. Kifua hakinyanyuki, naye kwa wasiwasi anaongeza kasi. Sahihisho ni kuinua taya kuelekea kwenye barakoa kwa vidole vitatu vya chini. Anayeendesha mdoli asibonyeze balbu ya pumzi mpaka kifua kinyanyuke vizuri. Ukimhurumia rafiki yako hapo, umemfundisha kosa.

Kosa la pili ni kunyonya ute muda mrefu hata kama hakuna kinachoziba, na kusugua mgongo bila kukoma. Sekunde zinakwisha humo. Utafiti wa Haydom ulionyesha kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto pumzi huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufariki au kulazwa muda mrefu. Iandikeni kwa maandishi makubwa muibandike ukutani.

Na kozi ya kwenye kishikwambi? Itangulie mdoli kwa wiki moja, iwe fupi: video mbili tatu za dakika nne au tano na maswali kumi. Kazi yake ni kuokoa muda wa darasani, mtu afike mezani akiwa anajua hatua. Haifundishi mkono.

---

Seva_Mfukoni

Namuunga mkono Mkufunzi. Mimi niingie kwenye mfumo, maana "fedha kidogo ya mfumo" huwa inaishia kwenye tovuti nzuri isiyofunguka leba.

Kwa hali uliyoeleza usitegemee intaneti kabisa. Weka seva ndogo palepale stoo. Njia rahisi ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kushika mkononi) yenye MoodleBox: ni Moodle kamili, yaani mfumo wa kuendeshea kozi na majaribio, inayotoa Wi-Fi yake yenyewe. Mtu anaunganisha simu au kishikwambi, anafungua kozi bila bando. Vishikwambi 6 na simu chache kwa wakati mmoja haina shida. Mkifika watu kumi na tano au zaidi kwa pamoja, ongeza kifaa cha nje cha Wi-Fi, kwa sababu antena ya ndani ni ndogo. Nywila zote zilizokuja nayo zibadilishwe siku ya kwanza. Zile za kiwandani zinajulikana na kila mtu.

Yanayoharibu kazi, kwa mpangilio wa ninavyoona yanavyotokea:

Umeme. Pi ikizimika ghafla ikiwa inaandika, memori kadi huharibika, na siku hiyo ndiyo mtagundua hakuna nakala. Inahitaji volti 5 na ampea 3, yaani wati 15 tu, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 5 inaivusha mpaka jenereta iwake na zaidi. Pawabenki inafaa tu ikiwa inaweza kuchaji na kutoa kwa wakati mmoja bila kukatika hata nukta. Nyingi hukatika kidogo umeme unapobadilika, na Pi inajiwasha upya. Jaribu kabla hujanunua. Hifadhi data kwenye diski ya SSD ya USB badala ya memori kadi. Kila Ijumaa nakala ya kozi na matokeo iende kwenye flashi mbili, moja ibaki ofisi ya matroni. Na kuwe na memori kadi ya pili iliyokwisha kuandaliwa, imefungwa kwa selotepu ndani ya kabati.

Saa. Hili halisemwi. Pi 4 haina saa yake yenye betri. Bila intaneti, ikizimwa na kuwashwa inaendelea na muda wa zamani. Matokeo: mtu amefanya jaribio tarehe 14, mfumo unaandika tarehe 9, na cheti chake kinatoka na tarehe isiyo ya kweli. Siku ya ukaguzi mtaonekana mmeghushi. Weka moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Ni kitu kidogo cha bei nafuu na kinamaliza tatizo.

Majaribio ya nje ya mtandao. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu mtu kupakua kozi, kwenda nayo nyumbani na kufanya jaribio bila mtandao, lakini lazima uruhusu hivyo kwenye mipangilio ya jaribio lenyewe. Halikubali likiwa na kikomo cha muda, likiwa limefungwa kwa anwani ya mtandao, au likiwa na mrejesho wa papo kwa papo. Mrejesho uwe wa mwisho. Ukisahau hilo watu wataona kitufe hakibonyezeki na watakuambia mfumo mbovu. Tena akimaliza lazima arudi kwenye Wi-Fi ya stoo na kusawazisha, la sivyo majibu yanabaki kwenye simu yake.

Video. Ziwe H.264 (namna ya kubana video ili iwe ndogo), ukubwa wa 480p. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, dakika tano ni MB 37 hivi. Video ileile ikiachwa kama ilivyotoka kwenye kamera inaweza kuwa MB 600, na vishikwambi sita vikiivuta kwa pamoja vyote vitakwama. Sauti iwe ya Kiswahili. Kama mna video nzuri ya lugha nyingine, weka sauti juu yake. Maandishi ya chini kwenye skrini ya inchi 8 hayasomeki mtu akiwa amesimama.

Afisa TEHAMA wenu msimtegemee kwa kazi ya kila siku. Chagueni wawili wa wodini, mafunzo yao ni saa tatu: kuwasha, kuzima kwa utaratibu, kumsajili mtumiaji, kubadilisha nywila, kuchukua nakala, kubadilisha memori kadi. Ukurasa mmoja wa maelekezo wenye picha, laminesheni, ubandikwe ukutani. Kama jambo haliwezi kuandikwa kwenye ukurasa ule, mmechagua mfumo mkubwa kuliko hospitali.

---

FundiVifaa_Kilifi

Salamu kutoka upande wa Kenya. Nitaongeza machache kuhusu vifaa vyenyewe, kwa sababu ndivyo huletwa kwetu karakana vikiwa vimekufa.

Vishikwambi vikipanguswa kwa klorini ya asilimia 0.5 ile ya leba, kioo hupata ukungu na tundu la chaji huota kutu. Tumieni spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa, kifaa kikiwa kimetolewa kwenye chaja, na msikinyunyizie moja kwa moja. Kava iwe ya silikoni inayovulika na kuoshwa. Na sheria iwe moja: kishikwambi hakiingii chumba cha kujifungulia, wala hakishikwi na glavu zilizotumika.

Msiviache kwenye chaja usiku na mchana. Betri iliyokaa mwaka mzima imejaa, tena kwenye kabati lenye joto, huvimba na kusukuma kioo. Sita kwa wati 10 ni wati 60. Wekeni soketi ya saa inayokata yenyewe baada ya saa tatu. Kabati liwe na matundu ya hewa.

Mdoli wa kujaza maji, kama NeoNatalie, hubeba lita mbili hivi za maji ya uvuguvugu na hapo ndipo uzito wake unafanana na wa mtoto. Maji ya moto huharibu maungio. Kosa linaloua mdoli ni kumwacha na maji wiki nzima: kuvu huota ndani na harufu haitoki tena. Kama hamna mtu wa kumwaga na kumkausha kila jioni, mjazeni hewa siku za kawaida, na maji yawe ya siku za mafunzo kamili.

Jambo la hatari kuliko yote hayo: ambu ya mazoezi isichanganyike na ya wodi. Siku ya dharura mtu hunyakua iliyo karibu. Ya mazoezi izungushieni utepe mwekundu usiobanduka, ikae stoo na isitoke. Ila iwe ya aina ileile wanayotumia leba, yenye barakoa namba 0 na namba 1, mkono uzoee kitu kimoja.

---

Mkunga_ZamuTatu

Asanteni sana, tena sana. Hesabu ya jozi 17 kwa zamu 21 nimeshamwonyesha matroni na amekubali stoo.

Yamebaki matatu yananisumbua. La kwanza ni posho: watu wamezoea kwamba mafunzo ni semina na semina ina posho, na wameshaanza kuuliza. La pili, mfadhili anataka alama za kila mtu kila mwezi pamoja na "ushahidi wa kupungua kwa vifo ndani ya miezi mitatu". La tatu, ameuliza kama tunapendelea midoli ya kawaida au ile ya kielektroniki inayounganishwa na kishikwambi na kutoa mrejesho yenyewe.

---

Rejista_Na12

Nianze na miezi mitatu, maana ahadi hiyo ikiingia kwenye andiko itawaumiza.

Tuseme hospitali yenu inapoteza watoto 8 katika kila 1,000 ndani ya saa 24. Kwa vizazi 250 ni watoto wawili kwa mwezi. Mwezi mmoja wanaweza kuwa wanne na unaofuata asiwepo hata mmoja, bila chochote kubadilika. Ndani ya miezi mitatu namba hizo haziwezi kuthibitisha lolote, kwa uzuri wala kwa ubaya. Mbaya zaidi, ukimwahidi mtu kupungua kwa vifo kwa haraka, unatengeneza shinikizo la mtoto aliyefariki baada ya kuzaliwa kuandikwa kama aliyezaliwa mfu. Hilo likianza, rejista yenu imekufa na hamtajua tena ukweli wa wodi yenu. Kwa hiyo fuatilieni vyote viwili kwa pamoja, wafu waliozaliwa wakiwa bado hawajaharibika na vifo vya saa 24, kutoka kitabu cha MTUHA namba 12 (rejista ya leba), na mlinganishe miezi 12 kabla na miezi 12 baada.

Cha kumpa mfadhili kwa miezi mitatu ni hatua za kazi. Chagueni chache zinazoweza kuhesabiwa na mfawidhi kwa kalamu: zamu ngapi kati ya 21 zimefanya zoezi, jozi ngapi zimetoa pumzi ya kwanza kabla ya sekunde 60 kwenye mdoli, kwa watoto halisi waliohitaji ambu, wangapi walianza kupewa ndani ya dakika moja, na ambu ngapi zilikutwa nzima asubuhi. Hiyo ya mwisho ni kuziba barakoa kwa kiganja, kubana, na kusikia kama vali ya presha inafunguka. Sekunde kumi. Chora mstari wa wiki kwa wiki kwenye karatasi ya ukutani stoo, si kwenye ofisi ya takwimu. Na vipimo vya mwanzo vichukuliwe kabla ya kozi kufunguliwa, hata kama mfadhili ana haraka, vikishapita havirudi.

Alama za mtu mmoja mmoja: mfadhili apewe jumla tu. Andikeni kwenye mpango, kwa sentensi moja ambayo mganga mfawidhi ataisaini, kwamba alama za mazoezi hazitumiki kwenye nidhamu wala kwenye tathmini ya mwaka. Mkunga akijua kwamba kosa lake kwenye mdoli litasomwa kwenye kikao, atamwomba mwenzake amfanyie. Isitoshe, alama zenye majina ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wenzetu wa Kenya wana yao ya 2019. Picha au video ya mama au mtoto halisi isiingie kwenye mfumo huu kwa namna yoyote.

Posho ni swali la haki na lijibiwe wazi kabla ya siku ya kwanza, watu wakiwa wamekaa. Siku ya mafunzo ya mwanzo, kama mtu anaitwa siku yake ya mapumziko, alipwe nauli na chakula, na iwe kwenye bajeti. Mazoezi ya dakika 15 ni sehemu ya zamu, kama kukagua dawa za dharura, na hayana malipo. Ukilipa wiki ya kwanza kwa fedha ya mfadhili, fedha ikiisha mazoezi yanaisha siku hiyohiyo. Mnachoweza kuwapa kihalali ni pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma). Ulizeni Baraza la Uuguzi na Ukunga mapema taratibu za kutambua mafunzo hayo, maana kuomba baada ya watu kumaliza ni kuwasumbua.

Kuhusu fedha ya kuendelea: mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Mkisubiri mfadhili aondoke ndipo mkumbuke betri, barakoa, mapafu ya mdoli, memori kadi na spiriti, mtakaa mwaka mzima bila. Ombeni sasa kifungu kidogo, walau sehemu ya kumi ya bei ya vifaa kila mwaka. Na vifaa viingie kwenye daftari la mali la hospitali siku vinapofika, vikiwa na namba, la sivyo kishikwambi kitahamia ofisi fulani na hakuna atakayekuwa na la kusema.

---

Mkufunzi_Vitendo

Nijibu la midoli, kwa sababu lina pande mbili za kweli.

Ile ya kielektroniki, mfano NeoNatalie Live, inapima kile ambacho jicho linakosa: hewa inayovuja kwenye barakoa, kasi, na muda wa kusitasita. Jozi zinaweza kufanya mazoezi usiku bila mwezeshaji na kupata mrejesho wa haki. Ndiyo iliyotumika katika programu ya Safer Births kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ikiambatana na mazoezi ya mara kwa mara na vinara wa vituo, yaani wahudumu wanaosimamia mazoezi ya wenzao. Kwa zamu zenu 21, ambazo nyingi hazitakuwa na mwezeshaji, faida hiyo ni kubwa.

Lakini inahitaji chaji, kishikwambi kinachopatana nayo, na mtu wa kuisawazisha. Ikigoma saa saba usiku, zoezi la zamu hiyo limekwisha. Kwa hiyo ombeni mchanganyiko: mmoja wa kielektroniki, wawili wa kawaida. Tena jaribuni kishikwambi halisi mtakacholetewa na mdoli halisi kabla ya kusaini kupokea, siyo picha ya orodha ya vifaa.

Vinara wawe wanne, siyo mmoja. Mmoja akihamishwa (na huwa wanahamishwa, hasa wazuri) kazi inasimama. Kila zamu ipate wake na mmoja awe wa akiba. Msimchague mkubwa wa cheo. Mchagueni yule ambaye wenzake humwita mtoto anapogoma kulia. Mnamjua.

Halafu msifungue wodi zote tatu kwa pamoja. Wiki nne za kwanza ziwe leba pekee, mkiwa na mdoli mmoja na bila seva, kwa karatasi ya hatua tu. Lengo ni kuona kama dakika 15 zinapatikana kweli. Kama kati ya zamu 21 mnafanya chini ya 12, msiongeze kifaa chochote. Kaeni na mfawidhi mjue ni zamu zipi zinakosa na kwa nini. Mara nyingi ni usiku, na mara nyingi ni kwa sababu ufunguo wa stoo amebaki nao mtu wa mchana.

---

Mkunga_ZamuTatu

Ufunguo! Kweli kabisa, wa stoo ya dawa tumehangaika nao hivyohivyo. Utakaa kwenye kibao cha funguo leba na kusainiwa kwenye daftari la kupokezana. Narekebisha andiko leo: rejista kwanza, ratiba, stoo, wiki nne za leba, seva mwezi wa pili. Swali dogo la mwisho: kifua cha mdoli kikiacha kunyanyuka hata barakoa ikikaa vizuri, tatizo ni nini?

---

FundiVifaa_Kilifi

Kagua ambu kwanza kwa kiganja kama alivyoeleza Rejista. Ikiwa nzima, fungua mdoli uangalie mfuko wa pafu: mara nyingi umechomoka kwenye mrija wake au umejikunja baada ya kujazwa maji kwa haraka. Mwage maji, unyooshe, urudishe, kisha jaza polepole. Ukiona tobo, badilisha pafu lote, gundi haishiki pale. Wekeni mapafu mawili ya akiba kwenye oda ya kwanza.